Gillette: Muuza vizibo aliyeugeuza wembe kuwa kitu cha kutupwa

KATIKA nusu ya kwanza ya karne ya 20, ni watu wachache mno ambao picha zao zilichapishwa mara nyingi kama ya Mmarekani mmoja mwenye masharubu mazito na nywele zilizochanwa kando. Hakuwa rais, jenerali wala mwigizaji wa filamu. Kazi iliyomlisha kwa miaka mingi ilikuwa ya uchuuzi, na mwishowe alichuuza vizibo vya chupa. Picha yake na sahihi yake zilipamba karatasi ndogo ya kufungia wembe, na karatasi hizo zilitoka kiwandani kwa mamilioni zikasambazwa katika kila pembe ya dunia. Yasimuliwa kuwa katika nchi ambako watu hawakuweza kulitamka jina lake, wanunuzi waliingia dukani wakaomba tu nyembe zenye picha ya mzee wa masharubu.

Mzee huyo ni King Camp Gillette. Wengi wanaolifahamu jina hilo hudhani ni la kampuni tu, lisilo na mwenyewe aliyewahi kula na kulala kama binadamu wengine. Wachache zaidi wanajua kwamba mwaka mmoja kabla ya kubuni wembe wake, mtu huyo alichapisha kitabu kilichotaka ushindani wa kibiashara ufutiliwe mbali, na kwamba aliipigania fikra hiyo kwa miaka 30 hata alipokuwa akila matunda ya ushindani huo huo.

Gillette alizaliwa Januari 5, 1855, mjini Fond du Lac katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. King halikuwa cheo bali jina alilopewa na wazazi wake, na Camp lilikuwa jina la ukoo wa mama yake, Fanny Lemira Camp. Jamaa hiyo ilikuwa ya watu wasiotulia. Baba yake, George, alipenda kuvumbua vitu, na wanawe wakarithi ugonjwa huo. Mama naye alikusanya mapishi kwa miaka mingi, na mnamo 1887 akatoa kitabu cha upishi kiitwacho White House Cook Book, ambacho kilipigwa chapa tena na tena na kuingia katika jikoni nyingi za Marekani.

King alipokuwa bado mtoto mdogo, familia ilihamia Chicago. Oktoba 1871, moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya jiji hilo, na biashara ya babake ikawa majivu. Kijana huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 16, alilazimika kujitafutia riziki. Akawa mchuuzi wa kusafiri, akipanda garimoshi kutoka mji mmoja hadi mwingine na sanduku la bidhaa mkononi. Katika maisha hayo alijipatia hataza kadhaa, yaani haki za kisheria za kumiliki uvumbuzi, lakini hakuna hata moja iliyompa utajiri. Mnamo 1890 alimwoa Atlanta Gaines, ambaye jamaa walimwita Lantie, na wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Mwaka uliofuata alijiunga na kampuni ya William Painter huko Baltimore. Painter ndiye aliyevumbua kile kizibo cha bati chenye meno pembeni ambacho hadi leo hufunga chupa za soda na bia. Kizibo hicho kilikuwa na sifa moja iliyomvutia Gillette kuliko zote: kikishang'olewa, hakina kazi tena, na mwenye chupa nyingine sharti anunue kingine. Painter alimshauri mchuuzi wake atafute kitu kama hicho, kitu kinachotumika kisha kikatupwa, ili mteja asiwe na budi kurudi dukani. Gillette aliubeba ushauri huo kama mzigo. Inasemekana alipitia alfabeti yote, herufi kwa herufi, akiorodhesha mahitaji ya binadamu na kujiuliza ni lipi linaloweza kugeuzwa kuwa cha kutupwa. Aliambulia patupu.

Ili kuelewa ni kwa nini jibu lilipatikana mbele ya kioo cha kunyolea, ni vyema kukumbuka jinsi wanaume walivyonyoa ndevu wakati huo. Wembe wa kawaida ulikuwa kipande kirefu cha chuma kilichokunjwa ndani ya mpini, kama ule ambao baadhi ya vinyozi bado huutumia. Mgongo wake ulikuwa mnene na makali yake membamba kupita kiasi. Kabla ya kunyoa kila siku, mwenyewe aliupitisha huku na huku juu ya mkanda wa ngozi ulioning'inizwa ukutani, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, kwani akikosea mwelekeo angeukata mkanda na kuyaharibu makali. Mara kwa mara ilibidi unolewe kwa jiwe laini, na kazi hiyo wengi waliwaachia mafundi. Kujinyoa kwa wembe huo kulihitaji mkono usiotetemeka. Ndiyo maana wanaume wengi wa mijini waliketi kwenye kiti cha kinyozi mara mbili au tatu kwa juma, na wengine wakaamua kufuga ndevu.

Hatari nayo haikuwa ya mzaha. Januari 1842, katika mji wa Concord jimboni Massachusetts, John Thoreau, kakake mwandishi mashuhuri Henry David Thoreau, alijikata kidole alipokuwa akiunoa wembe wake kwenye mkanda. Kidonda kilikuwa kidogo. Siku chache baadaye taya zake zilikaza kwa pepopunda, na akafa akiwa na umri wa miaka 27. Wakati huo hapakuwa na chanjo wala dawa ya kuua viini, na mchubuko wa kidevuni ungeweza kumgharimu mtu maisha.

Si Gillette aliyekuwa wa kwanza kutafuta suluhu. Katika karne ya 18, mhunzi wa visu Mfaransa, Jean-Jacques Perret, aliufunika wembe kwa kipande cha mbao kilichoacha makali kidogo tu nje ili usizame ngozini. Mnamo 1880 ndugu wa ukoo wa Kampfe jijini New York walipata hataza ya kifaa kilichofanana na jembe dogo, chenye mpini na kichwa cha kushikilia wembe mfupi. Waliuza kifaa hicho kwa jina la Star, na wanaume walikipenda. Hata hivyo, wembe wake ulikuwa bado kipande kinene cha chuma kilichohitaji mkanda na jiwe. Usalama ulikuwa umepatikana, lakini adha ya kunoa ilibaki.

Gillette alikuwa akitumia kifaa hicho hicho cha Star. Lakini mnamo 1894, akili yake ilikuwa kwingine. Mwaka huo alichapisha kitabu kiitwacho The Human Drift, ambamo alidai kuwa ushindani wa kibiashara ndio mzizi wa umaskini, uhalifu na ufujaji wa nguvu za binadamu. Alipendekeza viwanda vyote viunganishwe kuwa shirika moja kuu linalomilikiwa na wananchi wote. Karibu watu wote wa Marekani, kwa hesabu yake milioni 60, wangehamia jiji moja kubwa karibu na maporomoko ya Niagara, ambako nguvu ya maji ingezalisha umeme wa kuendesha kila kitu. Alichora hata majengo yenyewe, maghorofa marefu ya duara yaliyozungukwa na bustani. Aliliita jiji hilo Metropolis. Kitabu kiliwavutia wafuasi wachache, na jiji likabaki karatasini.

Mwaka uliofuata, 1895, akiwa nyumbani kwake Brookline karibu na Boston, alisimama mbele ya kioo asubuhi moja akagundua kwamba wembe wake ulikuwa butu kiasi ambacho mkanda pekee usingeusaidia. Ungelazimika kupelekwa kwa fundi. Kwa maelezo aliyoyatoa mwenyewe zaidi ya miaka 20 baadaye, ni pale pale wazo zima lilipomjia. Aliona kuwa kinachonyoa ni ukingo tu wa wembe, na kwamba chuma chote kilichobaki nyuma yake ni cha kuushikilia ukingo huo. Mbona basi mtu anoe na kutunza chuma kinene, ilhali anaweza kubana kipande chembamba na cha bei nafuu ndani ya kishikilio, akakitumia hadi kiishe makali, kisha akakitupa?

Alikwenda dukani akanunua vipande vya shaba, utepe wa chuma wa kutengenezea springi za saa, tupa na jiliwa ndogo, akaanza kuunda mfano. Mkewe alikuwa Ohio kuwatembelea jamaa zake. Gillette alimwandikia barua ya furaha akimweleza kuwa amefanikiwa na kwamba shida zao zimekwisha.

Shida ndizo kwanza zilikuwa zinaanza. Kwa miaka sita alibisha hodi kwa mafundi wa chuma na wataalamu, wakiwemo wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, na jibu likawa lile lile. Walimwambia kuwa chuma cha wembe hakiwezi kuwa chembamba kama karatasi na bado kikashika makali. Hawakuwa wapumbavu. Chuma hupata ugumu kwa kupashwa moto mkali kisha kupozwa ghafla, na bati jembamba likifanyiwa hivyo hujikunja kama jani lililokauka. Gillette mwenyewe alikiri baadaye kuwa lau angekuwa na elimu ya ufundi huo, angekata tamaa mapema. Marafiki walianza kumtania, na wembe wake ukawa kichekesho.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni mtu ambaye jina lake halijulikani na wengi, William Emery Nickerson, mhandisi aliyesomea chuo kile kile cha Massachusetts. Mnamo 1901, baada ya kusita kwa muda, alikubali kulishughulikia tatizo hilo na akabuni njia ya kuvipa ugumu vipande vyembamba bila kuvipinda, pamoja na mashine za kuvinoa kwa wingi. Kwa haki, wembe huo ni wake sawa na ulivyo wa Gillette. Kampuni ilisajiliwa Boston Septemba mwaka huo, na mwaka uliofuata ikapewa jina la Gillette. Inasemekana Nickerson hakugombea jina lake litumike, kwani kwa Kiingereza linaanza na neno lenye maana ya kujichanja, na hakuna anayeweza kuuza wembe kwa jina la aina hiyo.

Kifaa chenyewe kilikuwa rahisi ajabu. Kilikuwa na sehemu tatu: mpini, bamba la chini lenye meno ya kuilinda ngozi, na kifuniko cha juu. Wembe, wenye makali pande mbili na matundu katikati, uliwekwa kati ya bamba na kifuniko, na mpini ulipozungushwa, wembe ulipinda kidogo kama upinde. Siri ilikuwa hapo. Kipande kisichofika robo ya milimita kwa unene, ambacho mtu angeweza kukikunja kwa vidole, kilikaza na kuwa imara kwa sababu ya kupindwa. Gillette alipewa hataza Novemba 15, 1904.

Utaratibu mwingine wa kunyoa haukubadilika. Mwanaume bado alilowesha uso kwa maji moto ili ndevu zilainike, akaichovya brashi, akaizungusha juu ya sabuni hadi ikatoa povu zito, kisha akalipaka povu hilo kwa kuzungusha ili liziinue ndevu. Kilichobadilika ni kazi ya mkono. Kwa wembe wa zamani, pembe kati ya makali na ngozi ilitegemea ustadi wa mnyoaji peke yake. Kwa kifaa kipya, kichwa chenyewe kilimwongoza: alikiegemeza shavuni, akainamisha mpini hadi makali yakagusa ngozi kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, akakivuta kwa mikupuo mifupi bila kukandamiza, akifuata mwelekeo wa ndevu. Uzito wa kifaa ulitosha. Wanaokandamiza ndio wanaojikata, jana na leo.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa wanaume wenye nywele za kipilipili. Ndevu zilizojipinda, zikikatwa karibu mno na ngozi au kinyume cha mwelekeo wake, huchipuka zikijikunja na kuichoma ngozi upya, na matokeo yake ni vile vipele vya kidevuni na shingoni vinavyowasumbua Waafrika wengi. Wembe mmoja, povu la kutosha na mkono mwepesi huwafaa kuliko vifaa vya kisasa vyenye nyembe tatu au tano zinazofuatana na kuukata unywele chini ya uso wa ngozi.

Lakini kuwa na kifaa kizuri ni jambo moja na kukiuza ni lingine. Mtaji uliipiga kampuni chenga hadi John Joyce, tajiri wa pombe wa Boston, alipokubali kutoa dola 60,000. Gillette bado hakulipwa mshahara na kampuni iliyobeba jina lake, kwa hivyo aliikubali kazi ya kampuni ya vizibo mjini London ili familia ipate chakula. Mwaka wa 1903, wembe ulipoingia sokoni, viliuzwa vifaa 51 pekee. Mwaka uliofuata viliuzwa zaidi ya 90,000. Akiwa ng'ambo, Gillette alipata habari kuwa wenzake walitaka kuuza haki za kutengeneza wembe huo nje ya Marekani. Alifunga virago akarudi, akaupinga mpango huo na kuushinda. Hatua hiyo ndiyo iliyoiwezesha kampuni kufungua matawi Ulaya na kuvuna faida kubwa ng'ambo miaka iliyofuata.

Kuna hadithi inayosimuliwa katika madarasa ya biashara kote duniani kwamba Gillette aliwagawia watu kishikilio bure ili apate faida kwenye nyembe. Hadithi hiyo ni tamu, lakini haipatani na kumbukumbu za bei. Kwa miaka yote ambayo hataza ilimlinda, kifaa chake kiliuzwa kwa dola 5, kiasi ambacho mfanyakazi wa kiwandani alihitaji siku kadhaa kukichuma, ilhali washindani waliuza vyao kwa dola moja au chini ya hapo. Ni mnamo 1921, hataza ilipomalizika na kila mtu akawa huru kuiga, ndipo kampuni iliposhusha bei ya kifaa cha zamani na kutoa kipya cha hadhi ya juu.

Vita kati ya Gillette na Joyce kuhusu nani aiongoze kampuni viliendelea kwa miaka, vikiingia mahakamani na kutoka. Mnamo 1910 Gillette alichoka. Alimuuzia Joyce sehemu kubwa ya hisa zake kwa takriban dola 900,000 na kubaki rais wa kampuni kwa jina, pamoja na picha yake kwenye karatasi. Kuanzia hapo uso wake ulikuwa na kazi nyingi kuliko yeye mwenyewe.

Fedha hizo alizielekeza kwenye ndoto yake ya zamani. Mwaka huo huo alichapisha kitabu kuhusu shirika moja la dunia nzima, na akamwahidi Theodore Roosevelt dola milioni moja iwapo angekubali kuwa rais wake kwa miaka minne. Roosevelt, aliyeondoka Ikulu ya Marekani Machi 1909, alikuwa ndio kwanza amemaliza safari ndefu ya uwindaji iliyoanzia Mombasa Aprili mwaka huo na kumpitisha katika nyika za Kenya hadi Uganda na Sudan. Hakuvutiwa na dola hizo. Alikataa, na shirika la dunia halikupata rais wala ofisi.

Kilichoufikisha wembe huo kwa kila mtu kilikuwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Gesi ya sumu ilipoanza kutumika mahandakini mnamo 1915, ndevu zikawa hatari, kwani barakoa haishikani vizuri na uso wenye ndevu. Marekani ilipojitosa vitani mnamo 1917, serikali iliagiza vifaa milioni 3.5 vya Gillette pamoja na nyembe zaidi ya milioni 30 kwa ajili ya wanajeshi wake. Vijana wa mashambani ambao hawakuwa wamewahi kujinyoa walijifunza kufanya hivyo kila asubuhi kwa amri ya kijeshi, na vita vilipokwisha walirudi nyumbani na kifaa hicho mkobani. Walihitaji nyembe maisha yao yote. Painter, aliyefariki 1906, hakuishi kuona ushauri wake ukitimia kwa kiwango hicho.

Vita hivyo vilileta pia janga lisilokumbukwa sana. Brashi bora za kunyolea zilitengenezwa kwa manyoya ya mnyama wa porini wa Ulaya na Asia anayefanana kiasi na nyegere. Manyoya hayo yalipoadimika, baadhi ya watengenezaji walitumia ya farasi yasiyosafishwa ipasavyo, na yakaja na vimelea vya kimeta. Zaidi ya watu 200 Uingereza na Marekani, wengi wao askari, waliambukizwa kupitia michubuko ya wembe usoni, na baadhi wakafa. Wembe ulikuwa umefanywa salama, na brashi ikawa ndiyo inayoua.

Katika Afrika Mashariki, wembe ulikuwapo kabla ya Gillette kuzaliwa. Wahunzi waliufua, na wahenga waliutungia methali, ikiwemo ile ya mtoto anayelilia wembe. Lakini wembe huu mwembamba wa kununuliwa dukani ulipofika, haukuishia kwenye ndevu. Fundi wa nguo aliufumulia mshono na mwanafunzi akauchongea penseli. Wembe mpya usiofunguliwa umo pia katika vifurushi vya kujifungulia salama, kwa ajili ya kukata kitovu cha mtoto. Na ukimwi ulipozuka katika miaka ya 1980, ile tabia ya kutupa iliyobuniwa na muuza vizibo kwa ajili ya faida ikageuka kuwa kinga: wahudumu wa afya walizunguka vijijini na mijini wakiwasihi wananchi wasitumie wembe mmoja kwa watu wawili, iwe ni kwa kinyozi, kwa mganga au katika jando.

Gillette alihamia California kabla ya kumalizika kwa vita, akanunua ardhi na kulima tende na matunda. Hakuacha kuandika. Mnamo 1924 alitoa kitabu chake cha mwisho kuhusu shirika la wananchi, akisaidiwa na mwandishi Upton Sinclair, aliyejipatia sifa mnamo 1906 kwa riwaya kuhusu masaibu ya wafanyakazi wa vichinjio vya Chicago. Sinclair alimpeleka kwa Henry Ford akitumaini kwamba matajiri hao wawili wangeelewana. Hawakuelewana. Ford aliamini katika ushindani, na Gillette, aliyekuwa ametajirishwa nao, alikuwa akimwomba tajiri mwenzake ausaidie kuuzika.

Ni rahisi kumwita mnafiki, na wapo waliomwita hivyo. Lakini mnafiki hujificha, naye hakujificha. Alichapa vitabu vyake kwa jina lake kamili na akazitumia fedha zake mwenyewe kuzitangaza fikra zilizowaudhi watu wa tabaka lake.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 alijijengea kasri huko Calabasas, karibu na Los Angeles, lililochorwa na msanifu majengo Wallace Neff. Wakati huo huo, mambo yalikuwa yakienda mrama Boston. Mnamo 1930, kampuni ilitoa wembe mpya na mara moja ikashtakiwa na mshindani wake, Henry Gaisman, mmiliki wa kampuni ya AutoStrop, kwa kuuiga uvumbuzi wake. Kesi iliishia katika mapatano ya kuziunganisha kampuni hizo mbili. Wahasibu walipokagua vitabu, waligundua kuwa kwa miaka mitano faida ya Gillette ilikuwa imetiwa chumvi kwa karibu dola milioni 12: bidhaa zilizopelekwa tu kwa matawi ya ng'ambo zilihesabiwa kana kwamba zimekwisha kuuzwa. Wenyehisa walikasirika, wakurugenzi wakashtakiwa, na Gaisman akashika usukani. Gillette, aliyekuwa mbali na ofisi kwa miaka mingi, alijiuzulu urais mnamo 1931.

Soko la hisa la New York lilikuwa limekwisha kuporomoka mnamo Oktoba 1929, na utajiri wake mwingi ulikuwa katika hisa na ardhi ambazo sasa hazikuwa na mnunuzi. Afya yake nayo ilidhoofika. Alifariki Julai 9, 1932, nyumbani kwake Calabasas, akiwa na umri wa miaka 77, mtu aliyekuwa na kasri lakini akihangaika na madeni. Alizikwa katika makaburi ya Forest Lawn mjini Glendale.

Mwaka huo huo kampuni ilitoa wembe wa rangi ya buluu uliorudisha imani ya wateja, na picha ya mzee wa masharubu ikaendelea kuchapishwa kwenye karatasi kwa miongo mingine kadhaa. Mnamo 2005 kampuni ya Procter & Gamble iliinunua Gillette kwa takriban dola bilioni 57. Kasri la Calabasas lilipitia mikono ya mwelekezi wa filamu Clarence Brown, kisha watawa wa Kikatoliki, na tangu 2007 uwanja wake ni bustani ya umma inayoitwa King Gillette Ranch, ambako yeyote anaweza kuingia na kutembea chini ya miti.